Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Madeni, Ukweli na Ndugu wa Nyumbani katika Upekuzi wa Kibali cha Usalama Marekani

Maswali yaliyokusanywa hapa hurudiwa kila mara mtu wa Afrika Mashariki au Kongo aliyepata uraia wa Marekani anapopewa kazi ya serikali, ya jeshi au ya kampuni yenye zabuni ya serikali, kisha akaambiwa kwamba kabla ya kuanza lazima afanyiwe upekuzi, au kama wasemavyo Wakenya, apigwe msasa. Majibu ni maelezo ya jumla. Jambo linalogusa faili lako la uhamiaji, au linaloweza kufika mahakamani, lipeleke kwa wakili.

## Mambo ya msingi

Kibali cha usalama ni nini, na nani hukihitaji?

Ni uamuzi wa serikali ya Marekani kwamba mtu fulani anaweza kuaminiwa na siri za taifa. Kina ngazi tatu, na ya juu kabisa ni ile ya Siri Kuu. Wanaokihitaji si majasusi peke yao. Fundi wa kompyuta katika kambi ya jeshi, mkalimani wa Kiswahili, fundi wa ndege na mhasibu wa kampuni inayoiuzia vifaa Wizara ya Ulinzi, wote wanaweza kutakiwa kuwa nacho. Zipo pia kazi za serikali zisizogusa siri lakini zinazomtaka mtu aaminike, kwa mfano zile zinazoshika fedha au taarifa za watu. Hizo hutumia fomu fupi zaidi, SF-85P, lakini maswali ya madeni yamo humo pia.

Je, ninaweza kukiomba mwenyewe ili nitafute kazi nikiwa nacho?

Hapana. Lazima mwajiri au wakala wa serikali akudhamini kwa sababu ya kazi mahususi, na gharama ya upekuzi hailipwi na mwombaji. Mtu yeyote anayekutoza pesa akiahidi kukupatia kibali ni tapeli. Kibali hutolewa kwa raia wa Marekani, kwa hiyo mwenye grini kadi hawezi kukipata, ingawa anaweza kujiunga na jeshi na kufanya kazi zisizokihitaji hadi apate uraia.

Nani hufanya upekuzi, na kwa kipimo gani?

Sehemu kubwa ya upekuzi hufanywa na wakala ulio chini ya Wizara ya Ulinzi unaojulikana kwa kifupi kama DCSA, ambao ulikabidhiwa kazi hiyo tarehe 1 Oktoba 2019. Mwombaji hujaza fomu ya SF-86, yenye kurasa zaidi ya 100, kupitia mtandao. Baadaye mpelelezi anaweza kumhoji yeye mwenyewe, majirani zake, waajiri wake wa zamani na watu aliowataja kuwa wanamfahamu.

Uamuzi hufuata mwongozo uitwao SEAD 4, ulioanza kutumika tarehe 8 Juni 2017, wenye vigezo 13 vilivyopewa herufi A hadi M. Vitatu ndivyo vinavyotugusa zaidi: B, kuhusu ushawishi wa nje; E, kuhusu mwenendo binafsi, ambamo ukweli na uongo hupimwa; na F, kuhusu fedha. Maafisa wanatakiwa kumtazama mtu kwa ujumla wake: uzito wa jambo, umri aliokuwa nao lilipotokea, muda uliopita, na aliyoyafanya baadaye kulirekebisha. Hata hivyo, kumbuka kwamba hakuna mwenye haki ya kupewa kibali. Mahakama ya Juu ya Marekani iligusia hilo mwaka 1988 katika kesi ya Idara ya Jeshi la Majini dhidi ya Egan, na shaka inapobaki huamuliwa kwa upande wa usalama wa taifa, si kwa upande wa mwombaji.

## Ukweli

Kwa nini inasemekana kuficha deni ni kubaya kuliko deni lenyewe?

Kwa sababu deni lina maelezo, lakini ufichaji hauna. Mtu aliyeachishwa kazi akashindwa kulipa kadi ya benki anaweza kuonyesha barua ya kuachishwa na risiti za malipo aliyoanza kufanya. Aliyeandika “hapana” mahali pa “ndiyo” huonyesha nini? Zaidi ya hayo, uongo wa makusudi katika fomu hiyo ni kosa la jinai chini ya sheria ya shirikisho, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 5.

Hapa pana jambo ambalo watu wetu hawaambiwi waziwazi. Wengi tumelelewa katika sitara. Deni husitiriwa, kesi ya ndugu haitajwi mbele ya mgeni, na anayeyatoa ya ndani akayaweka barazani huonekana hakufunzwa. Ni malezi mema, na hakuna sababu ya kuyaonea haya, lakini fomu ya SF-86 inadai kinyume chake, na mwombaji anayeijaza kwa moyo wa kujisitiri hujiumiza bila kukusudia. Mpelelezi anapokuuliza kuhusu deni la mwaka 2021, mara nyingi ripoti yako ya mikopo amekwisha kuisoma. Anachopima wakati huo ni kama utalitaja wewe mwenyewe. Hofu ya serikali inaeleweka: jambo ambalo mtu yuko tayari kudanganya ili lisijulikane ndilo jambo ambalo mwingine anaweza kulitumia kumtisha.

Nimekwisha kutuma fomu, kisha nimekumbuka jambo nililoliacha. Nifanye nini?

Lisahihishe leo. Mwongozo unatambua waziwazi juhudi ya haraka na ya nia njema ya kusahihisha kosa kabla mtu hajabanwa na ushahidi, na maneno hayo “kabla hajabanwa” ndiyo yenye uzito. Mwandikie afisa usalama wa mwajiri wako na uweke nakala. Ukiitwa kwenye mahojiano, anza nalo kabla ya swali la kwanza: “Kuna jambo nililiacha katika fomu, naomba nilieleze.” Jambo hilohilo likitolewa baada ya mpelelezi kukuwekea karatasi mezani, halihesabiwi tena kuwa limetolewa kwa hiari.

Rafiki aliyepata kibali aliniambia nisiandike jambo fulani kwa kuwa “hawaangalii hayo”. Je, hiyo ni kinga?

Si kinga. Ushauri unaoweza kukutetea ni wa wakili, au wa mtu ambaye kazi yake rasmi ni kuelekeza watu kuhusu taratibu za usalama, na hata hapo sharti uwe ulitoa taarifa kikamilifu mara ulipojua kwamba ilitakiwa. Ushauri wa rafiki, wa binamu au wa kundi la WhatsApp hauhesabiki.

Karatasi zangu zinasema nilizaliwa tarehe 1 Januari, na jina langu limeandikwa kwa namna tatu. Je, nitaonekana mwongo?

Hapana, ukieleza mapema. Watu wengi waliopitia kambi za Nyarugusu, Kakuma au Dadaab waliandikiwa tarehe 1 Januari kwa sababu siku halisi haikujulikana au hakukuwa na cheti. Majina nayo yalibadilika njiani: jina la babu likawa la ukoo, herufi za Kifaransa zikaandikwa Kiingereza, “Issa” akawa “Isa”. Fomu ina sehemu ya majina mengine uliyowahi kutumia, na ina nafasi za maelezo ya ziada. Andika kila umbo la jina lililowahi kuonekana katika karatasi rasmi, na ueleze kwa sentensi mbili chanzo cha tarehe hiyo. Tofauti iliyotajwa na mwenyewe hubaki maelezo tu, ila iliyogunduliwa na mpelelezi huzaa maswali. Ikiwa tofauti si ya tahajia bali ni ya undugu, soma swali kuhusu faili la ukimbizi huko chini.

## Madeni

Deni la kiasi gani humnyima mtu kibali?

Hakuna kiasi kilichowekwa. Mwenye mkopo wa nyumba wa dola 300,000 anayelipa kila mwezi hana tatizo, na mwenye deni la dola 9,000 alilolitelekeza miaka 4 bila hata kupiga simu anaweza kukataliwa. Fomu huuliza kuhusu madeni uliyochelewa kuyalipa kwa zaidi ya siku 120, yale ya sasa na ya miaka 7 iliyopita, pamoja na madeni yaliyopelekwa kwa kampuni za kukusanya madeni, mishahara iliyokatwa kwa amri ya mahakama, na mali zilizochukuliwa na mkopeshaji. Kigezo F ni miongoni mwa sababu zinazowanyima watu wengi zaidi kibali, na kinachotazamwa ni tabia: je, unatimiza ahadi zako, na je, ukibanwa na shida unakabiliana nayo au unaikimbia?

Deni langu lilitokana na ugonjwa au kupoteza kazi. Je, nitaeleweka?

Mwongozo hutaja wazi kupoteza kazi, biashara kudorora, dharura ya matibabu, kifo, talaka na wizi wa utambulisho kuwa hali zilizo nje ya uwezo wa mtu. Lakini utetezi huo una nusu mbili, na watu wengi huleta nusu moja tu. Nusu ya kwanza ni kwamba hukulitaka; ya pili ni kwamba, hata ukiwa ndani ya shida, ulitenda kama mtu anayewajibika.

Tuchukue mfano wa mama aliyebebwa na gari la wagonjwa akiwa hana bima, akaletewa ankara ya dola 1,140. Bahasha ilikuja kwa Kiingereza kizito, akaiweka juu ya friji, ikafuatwa na ya pili na ya tatu, kisha zikanyamaza kwa sababu deni lilikuwa limeuzwa kwa kampuni ya kukusanya. Kitakachomsaidia leo ni kuzitoa bahasha hizo juu ya friji, kuipigia kampuni, kukubaliana hata dola 40 kwa mwezi, na kuanza kulipa kabla ya mahojiano. Miezi 6 ya risiti huzungumza vizuri kuliko ahadi ya kulipa lote “nikipata hii kazi”, na ahadi hiyo ya mwisho ndiyo ambayo maafisa wamechoka kuisikia.

Deni limetoka kwenye ripoti yangu ya mikopo. Je, limekwisha?

Si lazima. Madeni mengi mabaya huondolewa kwenye ripoti baada ya miaka 7 kwa mujibu wa sheria ya ripoti za mikopo, yawe yamelipwa au hayajalipwa. Kutoonekana si kulipwa, na mwamuzi anaweza kukuuliza ulilimaliza vipi. Kabla ya kujaza fomu, chukua ripoti zako kutoka kampuni zote tatu, yaani Equifax, Experian na TransUnion, ambazo hupatikana bure kupitia tovuti ya annualcreditreport.com, uzisome mstari kwa mstari. Ukikuta deni lisilo lako, lipinge kwa maandishi na uhifadhi nakala.

Nimechelewa kuwasilisha ritani za kodi. Je, hilo ni kama deni jingine lolote?

Ni zito zaidi, kwa sababu anayekuhoji ni serikali ileile unayoidai kazi na inayokudai kodi. Jambo hili huwapata sana madereva wa teksi na wa Uber, wasusi na wengine wanaojiajiri, ambao hawakatwi kodi na mwajiri na hushtuka mwisho wa mwaka. Tofautisha makosa mawili: kutolipa, na kutowasilisha ritani. La kwanza linaweza kutokana na ukosefu wa pesa. La pili halina kisingizio hicho. Wasilisha ritani zote zilizokosekana hata kama huwezi kulipa, kisha uombe mpango wa malipo na mamlaka ya kodi, uufuate bila kuruka mwezi.

Je, kufilisika mahakamani kunanifungia mlango?

Hapana. Ni njia halali ya kumaliza madeni, na huulizwa kwa miaka 7 iliyopita. Kinachotazamwa ni chanzo chake na maisha yako ya fedha baada yake.

Nilimdhamini ndugu yangu mkopo wa gari, akaacha kulipa. Je, ni deni langu?

Ndiyo, kisheria ni lako na litaonekana kwa jina lako. Eleza ilivyokuwa, lakini usiishie kumlaumu ndugu. Onyesha ulichofanya ulipojua.

Upatu, chama, vikoba na michango ya harusi na misiba je?

Haya si madeni kwa macho ya kampuni za mikopo. Tatizo ni alama zinazobaki benki: dola 5,000 zikiingia siku moja kutoka kwa watu kumi, au wewe ukiwa mweka hazina wa msiba na pesa za kusafirisha maiti zikapitia akaunti yako. Pesa isiyoelezeka humtia mpelelezi wasiwasi. Tunza daftari la wanachama na zamu zao, na ujumbe wa kundi unaoonyesha mchango ulikuwa wa nini. Watunza hazina wengi huandika hayo tayari, na daftari hilohilo linatosha kuwa ushahidi.

## Ndugu walio nje

Fomu inaposema ndugu, inamaanisha nani?

Hapa ndipo waombaji wetu wanapokosea zaidi bila nia mbaya, kwa kuwa undugu wetu haugawanyiki kama wao wanavyougawa. Sehemu ya 18 inataka wazazi, wazazi wa kambo na waliokulea, watoto, ndugu wa damu, ndugu wa baba mmoja au mama mmoja, ndugu wa kambo, na wakwe. Walio hai na waliofariki. Kila mmoja ana kisanduku chake. Mtoto wa baba mkubwa, ambaye maisha yako yote umemwita kaka, kwao si kaka bali ni binamu, na ukimwandika kuwa kaka, miaka mitano baadaye fomu nyingine isipomtaja utaulizwa kaka yako mmoja amekwenda wapi. Baba mdogo aliyekulea tangu darasa la pili, kwa upande mwingine, huenda akastahili kuandikwa kama mlezi. Kabla ya kuanza, chora ukoo wako kwenye karatasi na uandike kando ya kila jina: tumbo moja, baba mmoja, mtoto wa shangazi.

Shangazi, wajomba, mabinamu na marafiki hawamo katika sehemu ya 18, lakini hawajaachwa. Sehemu ya 19 inauliza kuhusu raia wa kigeni ambao katika miaka 7 iliyopita umekuwa na mawasiliano ya karibu au ya kuendelea nao, na ambao umefungamana nao kwa mapenzi, ushawishi, maslahi ya pamoja au wajibu. Zingatia neno la mwisho. Mama mdogo unayempigia kila Ijumaa yumo. Mtu uliyesalimiana naye mara moja kwenye arusi ya Mombasa hayumo.

Je, kumtumia mama pesa kila mwezi kutanidhuru?

Kumtunza mzazi hakumharibii mtu jina, na waamuzi wameona maelfu ya wahamiaji wanaofanya hivyo. Sehemu ya 20A inauliza waziwazi kama umewahi kumpa raia wa kigeni msaada wa kifedha, kwa hiyo jibu ni ndiyo, pamoja na kiasi na mara ngapi. Tumia kumbukumbu za programu unayotumia kutuma, ambazo huonyesha kila muamala hadi kwenye M-Pesa ya mpokeaji. Panapokuwa na shida ni pale mtu anapotuma dola 400 kila mwezi huku ankara zake mwenyewe hazilipwi, maana hapo kigezo B na F hukutana: mwamuzi huona mtu ambaye wajibu wa nje unamshinda nguvu.

Baba ni mwalimu wa serikali na mjomba ni mwanajeshi. Niseme?

Sema wote wawili. Fomu huuliza mwajiri wa ndugu wa kigeni na uhusiano wake na serikali, jeshi au idara ya usalama ya nchi yake. Mwalimu wa shule ya msingi hulipwa na serikali, hivyo ni ndiyo, hata kama unaona ni jambo dogo. Uzito wake utategemea cheo, ukaribu wenu na nchi yenyewe, kwani uhusiano wa nchi hiyo na Marekani hupimwa pia.

Nina kiwanja Kibaha na akaunti ya pamoja na dada yangu. Je, niviuze?

Usiuze kwa ajili ya fomu. Viandike pamoja na thamani unayoikadiria, hata kama hati bado ina jina la aliyekuuzia. Mwamuzi hulinganisha: una nini kule, na una nini hapa? Nyumba, kazi, akiba ya uzeeni na watoto wanaosoma Marekani huwa na uzito kuliko kiwanja. Kuhusu akaunti, ikiwa jumla ya akaunti zako zote za nje ilizidi dola 10,000 siku yoyote katika mwaka, sheria inakutaka utoe taarifa maalumu kwa Wizara ya Fedha ya Marekani. Kutoitoa hurudisha suala kwenye jibu la kodi hapo juu.

Je, uraia pacha au pasipoti ya zamani ni tatizo?

Uraia pacha peke yake haumnyimi mtu kibali. Mkenya anaruhusiwa kuwa nao tangu Katiba ya 2010. Mtanzania na Mkongomani kwa kawaida hupoteza uraia wa awali wanapochukua wa Marekani. Fomu huuliza kama umewahi kupewa pasipoti ya nchi nyingine, kwa hiyo hata ile iliyokwisha muda hutajwa. Uingiapo na utokapo Marekani tumia pasipoti ya Marekani.

## Mambo magumu

Ndugu zangu wako Goma. Je, vita vinahesabiwa dhidi yangu?

Swali la mwamuzi ni kama kuna anayeweza kuwashika ndugu zako ili akubane wewe, na katika mji ambao waasi wa M23 waliuteka Januari 2025 hilo si swali la kinadharia. Usilipunguze uzito. Eleza wanaishi wapi, mnawasiliana vipi, na ungemwarifu nani iwapo mtu angejaribu kukushurutisha kupitia kwao. Mizizi yako hapa Marekani ndiyo itakayowekwa upande wa pili wa mizani.

Katika faili la ukimbizi mpwa wangu aliandikwa kuwa mwanangu. Nimwandike vipi?

Mwone wakili wa uhamiaji kabla hujaandika lolote. Familia nyingi zilibeba yatima kwa jina la mtoto, kwa huruma tupu, lakini karatasi mbili zinazopingana zinaweza kugusa uraia wenyewe. Usijaribu kulitatua peke yako usiku wa mwisho wa kutuma fomu.

Ninayeishi naye hana karatasi. Je?

Fomu inataka majina ya wanaohusika na hadhi yao ya ukaazi. Huwezi kumficha kihalali. Unaweza, hata hivyo, kuamua kutoomba kazi hiyo, na uamuzi huo ni wako. Hapa pia, wakili kwanza.

Nimepokea Taarifa ya Sababu. Je, mambo yamekwisha?

Bado. Ni barua ya serikali inayoeleza kwa nini inakusudia kukunyima kibali, ikitaja kila shtaka chini ya herufi ya kigezo chake. Kwa wafanyakazi wa makampuni yenye zabuni za ulinzi, majibu hutakiwa ndani ya siku 20 tangu uipokee, na unaweza kuomba usikilizwe mbele ya jaji wa kiutawala. Jibu kila aya kwa “ninakubali” au “ninakanusha”, kisha ambatanisha risiti, makubaliano ya malipo na barua za watu wanaokufahamu. Ukikataliwa kabisa, unaweza kuomba tena baada ya mwaka 1.

Nikishapata kibali, je, ninaweza kupumzika?

Zamani mtu alipekuliwa upya kila baada ya miaka 5 au 10. Sasa kumbukumbu hufuatiliwa mfululizo, na deni jipya linaweza kuonekana kabla hujaitwa. Mwenye kibali anatakiwa pia kutoa taarifa za safari binafsi za nje kabla ya kusafiri, na za uhusiano mpya wa karibu na raia wa kigeni. Msiba ukitokea Tanga usiku na ndege inaondoka alfajiri, mtumie afisa usalama wako ujumbe ukiwa uwanja wa ndege, kisha ukamilishe fomu ndani ya siku chache baada ya kurudi.